Mchwa wa Darini kwa Baba

Zagreb, Jumatano, 23 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za upendo hapo kisiwani, kutoka huku bara, ambako mvua inanyesha tangu Jumapili ya Pasaka na koti langu halijakauka. Mimi ni mzima wa mwili. Nataka kwanza kujua habari za jicho lako tangu lilipotolewa mtoto wa jicho. Daktari alisema usiiname wala usiinue kitu kizito kwa mwezi mzima, nami nakujua, najua umeinama na najua umeinua. Goti nalo? Na mizeituni ya upande wa juu, imeamka vizuri baada ya kupogolewa?

Kwa kuwa bado umekatazwa kusoma, barua hii bila shaka anakusomea Lovre, hapo jikoni, na Shangazi Perina amepita kuazima chumvi ili asikie. Shangazi, nakuamkia. Vuta kiti. Na wewe mdogo wangu Lovre, nakuomba kwa hisani yako usome neno kwa neno. Usifupishe, usiruke, na usimbadilishie Baba maneno ili yawe laini. Utafika mahali utataka kucheka na mahali pengine utataka kunitukana. Soma tu.

Nimeandika, na kuituma kwa dereva wa basi la leo, badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu, Baba, wewe hupaza sauti kana kwamba nipo kwenye mashua ng'ambo ya mlango wa bahari, unaniuliza nimekula nini, kisha unampa Lovre simu kabla sijajibu. Yaliyonijaa moyoni hayawezi kupita hapo katikati.

Habari za kazi si nzuri. Wewe umewaeleza kazi yangu wenzako wa karata mara nyingi kuliko mimi mwenyewe, na nasikia unawaeleza vizuri: kwamba mchwa ana mkasi usioonekana kwenye mate yake, na kwa mkasi huo huikata mbao vipande vidogo vidogo vya sukari, kwamba hamira, hii hii ya mkate, haina mkasi, inajua kula sukari tu, na kwamba binti yako anaichukua siri ya mkasi kwa mchwa na kuishona ndani ya hamira, ili siku moja matawi mnayoyachoma kila Machi yageuke spiriti ya kuendeshea trekta. Hakuna profesa aliyewahi kulisema kwa ufupi namna hiyo. Sisi mkasi huo tunauita kimeng'enya, na ile mbao inayokatwa tunaiita selulosi, lakini ni kitu kile kile.

Ambacho hukuwaeleza, kwa sababu sikukwambia, ni kwamba hamira haitaki. Karibu mwaka mzima sasa, Baba, nabembeleza kitu kisicho na masikio. Kwanza ilitengeneza mkasi ikaufungia ndani ya mwili wake, kama mchoyo na kabati lake. Mkasi uliofungiwa ndani haukati kitu. Tukabadilisha kile kipande cha mbele ambacho ni kama anwani, kinachoiambia seli kwamba mzigo huu ni wa kutolewa nje. Ikautoa, lakini ikiwa imeuvisha sukari juu ya sukari, ukawa kama mkasi uliotumbukizwa kwenye asali, haufunguki. Tukatafuta hamira ya aina nyingine isiyopenda kuvisha. Hiyo ikatoa mkasi mzuri, ukakata kwa dakika ishirini, ukalala, haukuamka tena.

Kila Jumatatu tunachukua sahani zenye jeli ya selulosi, ambazo hamira imekaa juu yake siku tatu, tunamwaga rangi nyekundu. Pale selulosi ilipokatwa, rangi haishiki, panabaki duara jeupe. Ndilo tunalolitafuta, duara tu. Jumatatu thelathini nimemwaga rangi na kutazama wekundu mtupu, umetulia kama kitambaa cha meza. Damjan, kijana anayesomea shahada yake ya udaktari kwa kazi hii hii, alianza kuzigeuza sahani kifudifudi kabla hatujazitazama. Alisema, "Dada Tonka, tuziulize kwanza kama ziko tayari kutuudhi." Mwanzoni tulicheka.

Kisha ikaja Februari. Utaikumbuka, maana niliwapigia simu saa sita mchana, nikipiga kelele. Katika chupa namba kumi na saba tulikuwa tumetia hamira na ukanda wa karatasi, maana karatasi ni selulosi safi. Siku ile ukanda haukuwepo. Ulikuwa umeyeyuka, umeacha maji meupe tu. Profesa Biserka, mkuu wa maabara yetu, ambaye hajawahi kumshika mtu hata bega, alinikumbatia hadi miwani yake ikaning'inia sikioni. Damjan alikimbia kununua keki za krimu akasahau koti, na nje kulikuwa na theluji. Nami kabla ya kuosha mikono nilikupigia. Nikasema, "Baba, wamekula karatasi!" Ukauliza, "Yote?" Nikasema yote. Nikakusikia ukiwaambia watu waliokuwa nyuma yako, "Yote!"

Kupiga simu ile kabla ya kurudia jaribio ni kosa ambalo ningemfokea mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Lovre alinisimulia yaliyofuata: ulivyowanywesha rakija, ile pombe yetu kali, watu wa kilabu kizima, na padri alivyonitaja kanisani Jumapili ile, na mwenye duka alivyobandika karatasi mlangoni iliyoandikwa kwamba kijiji kitaokoa dunia. Lovre alidhani nitafurahi.

Tulirudia. Chupa kumi na mbili, hamira ile ile, karatasi ile ile. Hakuna kilicholiwa. Tukarudia tena. Siku ya tisa nilichukua tone lililobaki la chupa namba kumi na saba, nikaliweka chini ya hadubini, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Zilikuwepo seli za hamira, za mviringo, zimekaa bila kazi. Na katikati yake zilipita nyuzi. Kuvu, Baba. Kuvu la kijani la kawaida, la mbao zilizooza, ambalo limekuwa likila selulosi tangu kabla ya mwanadamu. Liliingia ndani ya chupa yetu na kula karatasi yetu. Hamira haikuwa imefanya lolote.

Nilikaa kwenye kile kiti kirefu mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nikainua macho, nikaona rafu iliyo juu ya meza yangu, na kile kipande cha boriti.

Unakikumbuka. Ulikileta Agosti pamoja na ile chupa ya mchwa wa darini kwako, ukiwa umevaa suti ya harusi ya Lovre na kofia. Uliniambia kwamba mama mmoja ndani ya basi alikuuliza umebeba nini kwenye chupa ya pilipili za siki, nawe ukamjibu, "Wafanyakazi," naye akahama kiti. Kipande cha boriti ulikikata kwa msumeno ili wapate chakula chao walichokizoea. Nilikiweka juu ya rafu yangu kwa sababu kilikuwa na harufu ya nyumbani. Katika chumba cha hamira, ambamo wanafunzi hawaruhusiwi kuingia hata na sendwichi, na anayewafokea ni mimi. Nilikikwangua kidogo, nikakiotesha. Kuvu lile lile.

Hapo uelewe vizuri, Baba, nisije nikakuongezea mzigo usio wako: kosa halikuwa la boriti wala la aliyeileta. Boriti haikupanda rafuni yenyewe.

Profesa alikuwa anakwenda Ljubljana Ijumaa kutoa hotuba kuhusu chupa namba kumi na saba mbele ya watu mia mbili. Nilimkuta Alhamisi ofisini akikunja blauzi yake kwenye begi. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Aliacha blauzi mkono mmoja ndani, mkono mmoja nje. Aliniuliza taratibu sana, "Umeleta ubao uliooza ndani ya chumba cha hamira? Wewe?" Nikasema mimi. Akasema kwamba angeshukuru kama ningekuwa mwongo, walau mpaka Jumamosi. Halafu akachukua simu akaifuta hotuba yake mwenyewe, mbele yangu, bila kunitaja jina. Onyo la maandishi nililipata wiki iliyofuata, na sikulipinga.

Damjan ilimuuma zaidi. Alikuwa ameshaandika sura mbili za tasnifu. Alisema, "Kwa hiyo miezi yote hii nimekuwa daktari wa kuvu," akacheka, akatoka nje, tukasikia ndoo ya taka ikivingirika korido nzima. Hakunisemesha wiki nne. Alinipa nilichostahili.

Nilimwambia ukweli Profesa. Nilimwambia Damjan. Nilisimama mbele ya mkutano wa idara nzima nikaonyesha picha ya zile nyuzi, nikajibu maswali ya watu walionicheka usoni. Ila wewe sikukwambia. Kila Jumapili unaniuliza, "Wanaendeleaje wafanyakazi wangu?" nami najibu, "Wanafanya kazi, Baba." Miezi miwili mizima. Nilijiambia nasubiri jicho lako lipone. Kisha nikajiambia nasubiri Pasaka. Kisha Pasaka ikafika, nikasema nina kazi, sikuja.

Jumatatu Lovre alinipigia. Lovre, soma na hapa, usijifiche. Aliniambia kwamba Ijumaa Kuu, mkiwa mezani, boriti ya jikoni ilipasuka na unga wa mbao ukamwagika kwenye sufuria ya chewa. Aliniambia uliukwangua juu juu kwa kijiko ukaendelea kula. Aliniambia kwamba mwezi wa Machi alimleta fundi wa dawa kutoka Zadar, mtu mstaarabu, na mashine yake ya kutoboa boriti na kupenyeza dawa, nawe ulisimama mlangoni na uma wa nyasi, bandeji ikiwa bado jichoni, ukamwambia, "Hao ndani ni wafanyakazi wa binti yangu. Ukiwagusa, kazi yake yote inakufa. Rudi ulikotoka." Fundi alimuuliza Lovre kama mzee ni mzima.

Mimi nilikuwa sijui. Nakuapia, nilidhani mlipiga dawa zamani. Lovre naye alidhani najua, alidhani nimekuagiza uwatunze, ndiyo maana amekuwa akinisemesha kwa mkato tangu Machi. Alinifokea: "Baba analala chini ya boriti iliyo kama mkate! Wadudu wako wana thamani kuliko kichwa chake?" Nilimwambia nitaandika.

Sasa sikiliza, Baba.

Mchwa wako hawakutumika. Hata mmoja.

Uliponiletea chupa ile, nilikuwa tayari ninao mkasi. Siku hizi hatumkamati mdudu. Watu wengine, mbali huko, walishaisoma zamani siri ya mchwa wa nchi zao za joto, wakaiandika, ikawekwa mahali ambapo yeyote anaweza kuisoma. Sisi tulichagua maandishi tuliyoyataka, tukaagiza, na mnamo Mei ikaja bahasha kwa posta kutoka Ujerumani. Ndani yake kulikuwa na kichupa kidogo kuliko ukucha, na chini ya kichupa unga usioonekana. Hiyo ndiyo siri yote. Ilikuwa kwenye friza miezi mitatu kabla hujapanda darini na nyundo, ukiwa na miaka sabini na minane, peke yako, ngazi haijashikwa na mtu.

Ulipofika hukuniuliza kama tunawahitaji. Ulivua kofia, ukaweka chupa juu ya meza ya Profesa, ukasema, "Wamenilia nyumba miaka ishirini, sasa wailipe." Watu wote wa maabara walipiga makofi. Profesa alinitazama, nami nikatikisa kichwa kidogo kumwomba asiseme. Nikakwambia, "Asante, Baba, hawa ndio tuliokuwa tunawakosa." Sijui kwa nini niliongeza hilo. Asante ingetosha.

Na bado sijamaliza. Nilikuahidi nitawatunza. Siku tatu baadaye ikawa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, kila mtu akaondoka, mimi nikaiacha chupa dirishani. Dirisha lile linapigwa na jua tangu asubuhi. Niliporudi walikuwa wamekufa wote, wamekauka chini ya chupa kama makombo. Niliwamwaga kwenye pipa. Nikaiosha chupa, nikaweka kalamu zangu.

Kwa hiyo wale wa darini hawamfanyii kazi mtu yeyote. Wanakula nyumba tu. Umekaa miezi minane chini yao ukiwalinda kwa ajili yangu, umemfukuza fundi, umegombana na mwanao wa kiume aliyekuwa anasema kweli, na mimi nilikuwa nakudanganya kila Jumapili kwa kuwa nilipenda namna unavyolitamka neno "wafanyakazi".

Nina hasira, Baba, na sitaki kukuficha. Nina hasira na hamira. Nina hasira na nafsi yangu. Lakini na wewe pia nina hasira. Kwa nini hukumuuliza mtu? Kwa nini ukiambiwa jambo na Lovre ni upuuzi, ukiambiwa na mimi ni sheria? Yeye ndiye anayekupikia, yeye ndiye aliyekuendesha hospitali mara nne. Kwangu unaamini hata nisichokisema. Ni mzigo mzito kuaminiwa namna hiyo na mtu asiyeweza kukuona unafanya nini.

Umeniuliza mara moja kama nitaacha. Sitaacha, ingawa sina sababu nzuri ya kukupa. Tumepewa mpaka Desemba. Damjan amerudi kunisemesha. Wiki iliyopita aliniomba nimshikie mlango, kisha akabaki akinieleza wazo lake jipya la kuipoza hamira wakati inatengeneza mkasi, ili isiwe na haraka ya kuuvisha. Wazo si baya. Jana, kwa kuwa Jumatatu ilikuwa sikukuu, tulimwaga rangi Jumanne. Wekundu mtupu. Damjan alisema tumwage tena, labda rangi ni mbovu. Rangi haikuwa mbovu. Kesho saa mbili tunaanza upya na chupa mpya, chumba kimesafishwa mpaka dari, na rafu yangu nimeing'oa.

Hili ndilo ninaloliomba. Nimezungumza mwenyewe na fundi wa Zadar, nimemwomba radhi kwa ule uma wa nyasi. Atakuja Jumamosi asubuhi na feri ya kwanza. Mimi nitakuja Ijumaa kwa basi, nitalala kwa Lovre kama hutaki nilale kwako. Lovre akuhamishie kitanda leo, si kesho, ukalale kwake na wewe. Na ukiamua kusimama tena mlangoni, simama, nyumba ni yako na baba yako aliijenga kwa mikono. Lakini usiseme ni kwa ajili yangu. Mimi siwahitaji, Baba. Nakuhitaji wewe usiangukiwe na nyumba.

Nisalimie wenzako wa karata. Usiwaambie lolote, nitakuja kuwaambia mwenyewe, na yule mwenye duka nitamwomba aibandue ile karatasi. Nisalimie padri. Lovre, nisamehe kwa ya Machi, na kwa mengine ya kabla ya Machi ambayo tutayazungumza tukiwa wawili. Shangazi Perina, hii habari unaweza kuisambaza, itanipunguzia kazi.

Nakutakia afya ya jicho na ya goti. Hata ukinipokea kwa kimya, nitakuwepo Ijumaa.

Ni mimi binti yako mwenye kosa, anayekupenda,

Tonka